“Mimi na penisilini hatupatani”: je, kaswende ina dawa nyingine?

*Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni dereva wa lori. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Jumatatu alienda kliniki, akapimwa na kukutwa na kaswende. Wakamchoma sindano mbili, moja kila upande wa makalio, wakamwambia arudi Jumatatu mbili zinazofuata. Usiku ule alipata homa, akatetemeka, kichwa kikamuuma mpaka alfajiri. Tukajua ana aleji ya penisilini, na sasa anaogopa kurudi. Mimi nilipima kesho yake, karatasi ya kipimo cha damu cha kaswende inasema RPR 1:32. Kweli miezi miwili na nusu iliyopita nilikuwa na kidonda sehemu za siri, hakikuuma, kikapona chenyewe. Sasa nina vipele viganjani na kwenye nyayo, haviwashi. Niliwaambia mimi na penisilini hatupatani: nikiwa darasa la tatu nilichomwa PPF, sindano ya penisilini, kwa ajili ya mafindofindo nikaanguka mlangoni kabla hata sijatoka. Nesi akasema nimwone daktari, daktari hakuwepo. Mwenye duka la dawa amenipa azithromaisini vidonge vinne nimeze kwa mkupuo. Rafiki yangu anasema doksisaiklini ndiyo dawa. Mwingine anasema niombe seftriaksoni, eti ni kali kuliko zote. Amoksilini na Ampiclox huwa natumia, hizo hazinidhuru. Ipi bora kati ya hizo tatu, na mke wangu naye atumie ipi? Sijameza kitu bado.*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna wagonjwa watatu, mmoja hajazaliwa bado, na majibu yao hayafanani. Naanza na shemeji kwa sababu yeye ndiye anayehesabiwa siku. Wewe nivumilie kidogo.

Shemeji arudi kliniki Jumatatu. Hata kama hutasoma zaidi ya hapa, hilo mwambie leo. Homa ile ya usiku, kwa jinsi ulivyoieleza, si aleji. Vijidudu vya kaswende vinapokufa kwa wingi kwa mara moja, mabaki yao humwagika mwilini, na kinga ya mwili inayapokea kama uvamizi mpya. Mgonjwa anapandwa na homa, anatetemeka, kichwa na viungo vinauma, na kama ana vipele vinakolea rangi. Huanza saa chache baada ya sindano, na kabla saa 24 hazijatimia kwa kawaida yameisha. Hali hiyo ina majina ya madaktari wawili walioieleza: Adolf Jarisch wa Austria mwaka 1895 na Karl Herxheimer wa Ujerumani mwaka 1902. Tazama miaka hiyo vizuri. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Wagonjwa wao walikuwa wakitibiwa kwa zebaki, na bado homa ilikuja. Kwa hiyo kinacholeta homa ni vifo vya vijidudu. Hata ukimpa mtu doksisaiklini inaweza kumtokea vilevile.

Aleji ya kweli ina sura nyingine kabisa. Huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja: vipele vya uvimbe vinavyowasha na kuhamahama mwilini, midomo na kope kuvimba, kifua kubana na kutoa mlio kama filimbi, presha kuporomoka. Hayo hukuyaandika, na nadhani yangemtokea usingeyasahau. Hata hivyo, Jumatatu amweleze nesi kilichompata usiku ule, na amuulize moja kwa moja kama anaona dalili yoyote ya aleji.

Kwa mjamzito homa hiyo ina jambo moja la kuchunga. Inaweza kuuchokoza mfuko wa uzazi ukaanza kubana, au mtoto akapunguza kucheza. Akipata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuachia, akitokwa na damu au maji, au akiona mtoto kanyamaza kuliko kawaida yake, asingoje kupambazuke, aende hospitali yenye wodi ya wazazi. Kama hakuna lililotokea mpaka leo, sindano ya pili kwa kawaida haileti tena tafrani ile, maana vijidudu vingi vimekwisha kufa. Paracetamol inatosha kwa homa na kichwa.

Kosa la kuita homa hii aleji nalijua kwa sababu nimelifanya mimi mwenyewe. Nikiwa kijana katika kituo kimoja cha afya, mama mmoja alirudi asubuhi baada ya sindano, amejifunga kanga kichwani, anasema usiku ameugua. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya kadi yake “aleji ya penisilini”, nikapiga na mstari chini. Nilijiona makini sana. Miaka miwili baadaye alirudi na mimba, na kaswende yake ikiwa palepale kwa sababu kila aliyeiona kadi aliogopa ile kalamu nyekundu. Tulipoteza siku nyingi kufuta mstari mmoja.

Sasa, kwa nini shemeji asipewe tu kitu kingine, tukaepusha hofu? Kwa sababu dawa yake lazima iwatibu wawili. Kijidudu hiki kinavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, nayo dawa inapaswa kumfuata huko huko. Penisilini inavuka vizuri. Erithromaisini na azithromaisini zinavuka kidogo mno: mama anaweza kuonekana amepona huku mtoto hajaguswa na dawa. Doksisaiklini inavuka, lakini hujikita kwenye mifupa na meno ya mtoto yanayojengeka, kwa hiyo mimba ya miezi mitano hatuipi. Seftriaksoni haina madhara hayo, ila ushahidi wake kwa mjamzito mwenye kaswende ni mwembamba. Mwongozo wa WHO unaitaja, pamoja na erithromaisini na azithromaisini, kwa mahali ambapo penisilini haipatikani au haiwezekani kabisa. Tena mama aliyetibiwa kwa erithromaisini au azithromaisini, mtoto wake hutakiwa kutibiwa mara tu anapozaliwa.

Na hili la mtoto si dogo. WHO inakadiria kwamba mwaka 2022 watoto wapatao 700,000 duniani walipata kaswende kutoka kwa mama zao. Wengine hawakuzaliwa hai, wengine walizaliwa njiti au na ugonjwa. Karibu wote wangeokolewa na dawa hiyo hiyo anayoiogopa shemeji.

Hata mjamzito mwenye aleji ya kweli, ile ya kuvimba na kubanwa kifua, hatumnyimi penisilini. Analazwa hospitali kubwa, anapewa penisilini ya kunywa kwa kipimo kidogo cha kushangaza, halafu kipimo kinaongezwa kila dakika 15, hatua 14 hivi, huku adrenalini, dawa ya dharura ya aleji, iko mezani. Baada ya saa nne hivi mwili wake unakuwa umeizoea, anachomwa. Mazoea hayo ni ya muda tu. Dawa ikishaisha mwilini, aleji yake inarudi palepale. Ni kazi ya hospitali, si ya kujaribu nyumbani wala zahanati.

Kuhusu tarehe: kwa mjamzito anayepewa sindano tatu za wiki kwa wiki, siku saba ndiyo kipimo, tisa inavumilika. Zikipita tisa, anaanza moja upya. Ndiyo maana nilikuwa na haraka.

Haya, tuje kwako na mlango uliouangukia darasa la tatu.

Watu husema “penisilini” kana kwamba ni kitu kimoja. X-pen huingia kwenye damu mara moja na saa chache baadaye imekwisha, ndiyo maana wodini inachomwa tena na tena usiku kucha. PPF imefungwa na prokeini, dawa ya ganzi, na inadumu kama siku moja. Benzathini, aliyochomwa shemeji, inakaa msulini na kuyeyuka polepole kwa wiki mbili na zaidi. Ukiiona inavyochanganywa utaelewa: unga mweupe kwenye kichupa, unatiwa maji, unatikiswa mpaka uwe mzito kama tui. Nesi anachagua sindano nene kwa sababu nyembamba inaziba katikati ya kazi. Anachoma ndani kabisa ya nyama, anasukuma taratibu. Inauma, sikufichi. Mtu anachechemea siku moja mbili.

Mtoto wa miaka tisa akichomwa kitu kama hicho, tena akiwa amefunga tangu asubuhi na ameogopa foleni nzima, anaweza kuzimia kwa maumivu na hofu peke yake. Mapigo ya moyo yanashuka, damu haifiki kichwani, anaanguka. Akilazwa chini dakika chache anaamka. PPF ina kisa chake kingine: chembe zake zikiingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa, mgonjwa hushikwa ghafla na kizunguzungu, masikio yanavuma, anahisi anakufa, kisha baada ya dakika kadhaa amerudi kama alivyokuwa. Hali hiyo ina jina la daktari wa Uswisi, Hoigné, na yenyewe pia si aleji. Sikuwepo siku ile, na mama yako ndiye anayejua kama ulivimba au ulitoka vipele. Mpigie simu umuulize hivyo hivyo: “Nilivimba uso? Nilitoka vipele? Nilishindwa kupumua? Nilitundikiwa dripu au kuchomwa sindano ya kuniamsha?”

Lakini wewe mwenyewe umeshanijibu bila kujua. Umeandika kwamba amoksilini na Ampiclox huwa unatumia na hazikudhuru. Ndugu yangu, amoksilini *ni* penisilini. Ampiclox ndani yake mna ampisilini na kloksasilini, zote mbili ukoo huo huo. Mtu mwenye aleji ya kweli ya ukoo huu hamezi amoksilini mwaka baada ya mwaka akaendelea na safari zake. Hata waliowahi kuwa na aleji ya kweli, wengi inawatoka: baada ya miaka kumi bila kuiona dawa, takriban wanane kati ya kumi hawana tena aleji hiyo. Wewe una miaka 25 tangu ule mlango. Nchini Marekani, ambako jambo hili limepimwa sana, karibu mtu mmoja kati ya kumi ameandikiwa kwenye faili kwamba ana aleji ya penisilini, na wakipimwa vizuri zaidi ya tisa katika kumi wanaonekana hawana. Kalamu nyekundu ziko kila nchi.

Kwa hiyo kabla ya kushindanisha dawa mbadala, ujue kuna uwezekano mkubwa huhitaji mbadala. Ila umeuliza, na swali la kulinganisha ni zuri, tena wapo wanaolihitaji kweli: wenye aleji isiyo na ubishi, na wanaofika kituoni wakakuta dawa imekwisha. Benzathini ni ya bei ndogo, viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kimoja kikisimama nchi nyingi zinakaukiwa. Mwaka 2023 hata Marekani ilikaukiwa. Kwa hiyo sikiliza.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Treponema, yaani kijidudu cha kaswende, ni goigoi. Vijidudu vya kuhara hugawanyika kila nusu saa hivi. Hiki kinachukua kama saa 30 kujigawa mara moja. Na penisilini huua kijidudu wakati kinapojenga ukuta wake, yaani kinapogawanyika. Sasa kama dawa inakaa saa sita na adui yako anatoka nje mara moja kwa siku na ushei, mtapishana. Katika kaswende, nguvu ya dawa kwa saa moja haina uzito kuliko muda inaodumu bila kukatika. Hapo ndipo rafiki yako wa seftriaksoni alipokosea. “Kali kuliko zote” si kipimo hapa. Kitone kidogo cha penisilini kinachovuja kutoka kwenye makalio kwa wiki mbili kinafanya kazi ambayo dawa kali ya siku tatu haiifanyi. Nyongeza yake: zaidi ya miaka 80 tangu John Mahoney na wenzake wawatibu wagonjwa wanne wa mwanzo kule Staten Island, New York, mwaka 1943, kijidudu hiki bado hakijajifunza kuikwepa penisilini. Kisonono kimekwisha kuzishinda dawa ngapi? Kaswende kwa penisilini, bado.

Azithromaisini uliyopewa haikutoka hewani. Utafiti mmoja mkubwa ulioipa jina ulifanyika hapa kwetu, Mbeya. Watu 328 wenye kaswende changa, wengi wao bila dalili, waligawanywa: nusu wakamezeshwa azithromaisini gramu 2 kwa mkupuo, nusu wakachomwa benzathini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: waliopona upande wa vidonge walikuwa asilimia 97.7, upande wa sindano asilimia 95.0. Sote tulifurahi. Hakuna maumivu, hakuna sindano nene, mgonjwa anameza mbele yako anaondoka. Mwenye duka wako huenda alisoma enzi hizo, na simlaumu.

Kilichoharibu sherehe kilikuwa tayari kimeanza San Francisco, ambako wagonjwa walimeza gramu hizo hizo na vidonda havikupona. Azithromaisini hufanya kazi kwa kukamata kiwanda cha kijidudu cha kutengeneza protini. Herufi moja tu ya vinasaba ikibadilika kwenye kiwanda hicho, dawa inakosa pa kushika, na usugu unakuwa kamili kwa hatua moja. Mabadiliko hayo yameonekana Marekani, Ulaya na China, na mahali pengine sasa karibu kila kijidudu kinachopimwa kinayo. Dawa yenyewe inamezwa kila kona kwa kikohozi na mafua, jambo linaloupa usugu nafasi ya kuota. WHO inaikubali tu pale inapojulikana kwamba vijidudu vya eneo hilo bado vinaisikia, na si kwa mjamzito isipokuwa hakuna njia nyingine. Wewe ni dereva wa lori. Kijidudu ulichobeba sijui umekipata barabara ipi, na duka la dawa halina namna ya kukipima. Kwa hiyo hapana.

Utasikia pia watu wakisema azithromaisini inatibu buba kwa dozi moja. Hiyo ni kweli. Buba ni ndugu wa damu wa kaswende, kijidudu karibu kile kile, kinachoenea kwa kugusana ngozi utotoni. Kati ya 1952 na 1964 WHO na UNICEF waliwatibu watu milioni 50 hivi katika nchi 46 kwa sindano za penisilini, na wazee wengi wa vijijini wanazikumbuka. Ila dawa kufaa kwa buba si leseni ya kuipa kaswende.

Doksisaiklini ndiyo namba mbili yangu, na rafiki yako wa kwanza amekaribia. Miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14, kama kaswende ni changa kama yako. Ikiwa imekaa zaidi ya miaka miwili, au haijulikani imeanza lini, WHO inataka siku 30. Tafiti nyingi zilizofukua mafaili ya wagonjwa zinaonyesha inakaribiana sana na sindano. Udhaifu wake haumo ndani ya kidonge, umo ndani ya mtu anayekimeza. Vipele vyako vitaanza kufifia kabla wiki haijaisha, uko Tunduma umekaa foleni ya mpaka, vidonge viko kwenye begi lililobaki kwa tanboi wa gari lingine. Dozi iliyokatika siku ya tisa si dozi. Nakuambia hivi kwa sababu nimewahoji madereva wengi, na ninaheshimu kazi yenu.

Ukiimeza, kuna adabu zake. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, usilale nusu saa. Ikikwama kooni inachimba kidonda na utajuta kila ukimeza mate. Usiichanganye na maziwa, vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia. Achanisha saa mbili au zaidi. Jua litakuunguza kuliko kawaida, hasa mkono ule unaoning’inia dirishani. Na wewe peke yako: shemeji asionje hata kimoja.

Seftriaksoni inafanya kazi. Gramu 1 kila siku, kwa msuli au mshipa, siku 10 hadi 14. Fanya hesabu: sindano kumi ili kuikwepa ya siku moja. Nayo ni binamu wa penisilini, ingawa hofu ya zamani kwamba mmoja kati ya kumi wenye aleji ya penisilini atadhurika nayo imepitwa. Uwezekano ni mdogo sana. Faida yake kubwa ni kwamba inaingia vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo tunaikumbuka kwa mgonjwa ambaye kaswende imepanda kichwani na hawezi penisilini. Sindano moja au mbili za seftriaksoni, kama wanavyouziwa watu, hazitibu kaswende. Zinaficha dalili.

Flagyl, Septrin, siprofloksasini na jentamaisini hazimo kabisa kwenye mazungumzo haya. Huko Hispania walijaribu linezolidi, ikashindwa. Sefiksimu ya vidonge inachunguzwa na inatia moyo, lakini mimi siiandiki bado.

Basi mpango wako ni huu. Nenda hospitali ya wilaya, si zahanati, ukiwa umekula. Mwambie daktari maneno haya: ulianguka baada ya PPF utotoni, hukuvimba wala kutoka vipele (iwapo mama atathibitisha hivyo), na tangu hapo umemeza amoksilini mara nyingi bila tatizo. Taja na mara ya mwisho kuimeza. Kwa maelezo hayo, wengi wetu tutakuchoma benzathini ukiwa umelala, adrenalini ikiwa tayari, kisha ukae pale tukikutazama nusu saa hadi saa moja. Daktari mwingine atapenda kukumezesha amoksilini mbele yake kwanza, nayo ni busara. Mama akisema ulivimba na kushindwa kupumua, au ngozi ilibabuka na mdomo ukatoka malengelenge, hapo hatuchezi: usichomwe, na doksisaiklini ndiyo yako.

Dozi yako ni ya siku moja, yuniti milioni 2.4, kwa kawaida nusu kila kalio. Usishangae kwamba shemeji ana tatu. Kidonda chako na vipele vinatuonyesha ugonjwa ni mchanga. Kwake hatujui umeanza lini, tena hatutaki kubahatisha na mtoto. Mtu akitaka kukuuzia tatu “kwa uhakika”, utafiti uliotoka 2025 ulilinganisha dozi moja na tatu kwa kaswende changa, na tatu hazikuonyesha faida. Usiku wa kwanza utegemee homa ile ile ya shemeji, huenda kali zaidi, maana hatua ya vipele ndiyo yenye vijidudu vingi. Usipange safari siku hiyo.

Kuna dalili zinazobadilisha haya yote: kuona ukungu au jicho kuwa jekundu na kuuma, masikio kupoteza usikivu au kuvuma ghafla, kichwa kisichoachia, mdomo kwenda upande, kuchanganyikiwa. Ukiwa na mojawapo, benzathini haitoshi kwa sababu haifiki vizuri kwenye ubongo. Hapo unalazwa na kupewa X-pen ya mshipa kwa siku 10 hadi 14. Nenda leo.

Pimeni VVU wote wawili. Kidonda cha kaswende ni mlango wazi. Msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dawa na vipele vimepona, la sivyo mtarudishiana. Na kama kuna mwingine yeyote wa miezi ya karibuni, naye anahitaji kutibiwa hata kipimo chake kikiwa safi. Mimi sitakuuliza majina. Ila naomba usianze kutafuta nani alimletea nani, maana karatasi ya maabara haisemi hilo, na wala si tego la mtu.

Itunze ile karatasi ya 1:32, ipige picha kabisa. Baada ya miezi 6, na tena ya 12, rudia RPR, ikiwezekana maabara ile ile. Tunatafuta ishuke ngazi mbili au zaidi: 1:32 kuwa 1:8 ni habari njema. Ukibaki 1:32 au ukapanda, rudi. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu usikitumie kujua kama umepona. Kikishasoma ndiyo, kwa watu wengi kinasoma hivyo maisha yote, na wapo waliotibiwa mara nne kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Vile vidonge vinne vya azithromaisini mrudishie mwenye duka. Akikataa kurudisha hela, ivumilie hasara hiyo, usivimeze “kwa sababu nimeshalipia”. Na shemeji akifika kliniki Jumatatu, aombe nesi aandike kwenye kadi, kwa kalamu ya bluu: “Homa baada ya dozi ya kwanza. Si aleji.”